Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tanga: Betri ipimwe kabla gari halijatoka bandarini

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Mkurugenzi wa Jiji la Tanga. Na wakuu wa ofisi za TPA (bandari), TBS (viwango), TRA (kodi), TANESCO (umeme), EWURA (udhibiti wa nishati na maji) na LATRA (usafiri wa nchi kavu) zinazohudumia mkoa wetu.

YAH: UKAGUZI WA BETRI ZA MAGARI YA UMEME YALIYOTUMIKA, NA MAMBO YANAYOAMBATANA NAO

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima, nikiwa mkazi wa Chumbageni na mfanyabiashara wa magari yaliyotumika, kazi ambayo kwa wengi wetu mjini hapa maana yake ni kuagiza gari kutoka Japani, kulisubiri, kulilipia ushuru, kisha kumkabidhi mteja ambaye mara nyingi ametumia akiba ya miaka mingi. Siku hizi wateja wananiuliza swali ambalo zamani lilikuwa la mzaha: je, gari la umeme linafaa hapa Tanga? Jibu langu ni kwamba linafaa, pengine kuliko katika miji mingi ya nchi hii, ila lina sharti moja ambalo liko mikononi mwenu zaidi kuliko lilivyo mikononi mwangu au mwa mteja. Sharti lenyewe ni kwamba betri ya gari la umeme lililotumika ipimwe, na matokeo ya kipimo hicho yaandikwe mahali ambapo mnunuzi atayaona, kabla gari halijaruhusiwa kuingia barabarani.

Magari haya yanakuja, tutake tusitake, na sababu yake ni hesabu tu. Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani, yakiwemo yale yenye injini na betri ya kuchaji kwa pamoja, yalizidi milioni 17, yaani zaidi ya gari moja katika kila magari mapya matano. Nchini China yalikaribia nusu ya magari mapya yote, na Norway karibu magari tisa katika kila kumi yalikuwa ya umeme mtupu. Sisi hatununui magari mapya, isipokuwa wachache waliojaliwa. Tunaendesha leo yale ambayo wenzetu waliendesha miaka minane au kumi iliyopita, na kwa hiyo kinachouzwa kwao leo ndicho kitakachokuwa kwenye yadi zetu kesho. Tayari Nissan Leaf, gari lililoingia sokoni Japani na Marekani mwishoni mwa mwaka 2010, linapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu katika minada ya Japani ambako sisi mawakala tunanunua.

Majirani wameshaanza kujipanga, kila mmoja kwa namna yake. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwanzoni mwa mwaka 2024, uamuzi mkali ambao mimi nisingeuombea kwetu. Rwanda iliyaondolea magari ya umeme kodi kadhaa mwaka 2021. Kenya, mwaka 2023, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, na usiku bei hiyo hushuka hadi nusu ya ile ya mchana. Sisi tunao mlango mzuri kuliko wengi wao: bandari yetu imechimbwa kutoka kina cha mita tatu hadi mita 13 na kujengewa gati la mita 450, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 429, ili meli zifunge gatini badala ya kupakulia mizigo kwenye matishali katikati ya maji kama tulivyozoea. Mlango mpana namna hiyo utapitisha kila kitu, kizima na kibovu. Ndiyo maana ninasema mapema.

Niruhusuni niseme kwa nini mteja wa Tanga anayapenda magari haya, maana hapendi kwa sababu ya moshi wala ya hali ya hewa ya dunia, ijapokuwa mambo hayo yana uzito wake. Anapiga hesabu ya mfukoni. Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 15 za umeme kwenda kilomita 100, na tukiongeza zile zinazopotea njiani wakati wa kuchaji tuseme uniti 17. Kwa bei ya kawaida ya uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 350, safari hiyo inamgharimu shilingi elfu sita hivi. Gari la petroli la ukubwa huohuo linakunywa lita saba au nane, na hata tukichukulia kwamba lita inauzwa shilingi 2,800, anatoa kati ya shilingi 19,600 na 22,400. Kwa mtu anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi, tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi laki mbili kila mwezi. Hapo sijahesabu mafuta ya injini, plagi, mikanda, klachi na pampu ya petroli, vitu ambavyo gari hili halina.

Jiografia nayo inatupendelea. Jiji letu ni tambarare, jambo ambalo kila mwendesha baiskeli wa Ngamiani analijua bila kuambiwa, na safari zetu nyingi ni fupi: Kange hadi sokoni, Raskazone hadi Bombo, Pongwe hadi mjini asubuhi na kurudi jioni. Gari la umeme halichomi kitu likisimama kwenye foleni, na likifunga breki hurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Mwenye kutoka Lushoto kuteremka Mombo anashuka karibu mita elfu moja kwa njia ya Soni, na gari la tani moja na nusu linaweza kurejesha uniti mbili hivi kwenye mteremko huo mmoja, huku breki zake zikibaki baridi. Dereva yeyote aliyewahi kunusa breki zinazoungua kwenye kona zile ataelewa thamani ya jambo hilo.

Kuna na hoja ya nchi nzima. Petroli tunainunua nje kwa dola. Umeme tunauzalisha wenyewe, na mkoa huu una haki ya kujivunia hilo: mto Pangani unaendesha kituo cha Hale chenye uwezo wa megawati 21, kilichojengwa miaka ya 1960, na kile cha New Pangani Falls chenye megawati 68, huku Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji likiwa na uwezo wa megawati 2,115. Wapo watakaosema kwamba Tanga ni mji wa mafuta, kwamba bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwetu Chongoleani, na kwamba kuzungumzia magari ya umeme hapa ni kukosa shukrani. Sioni ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mafuta yale ni ya kusafirishwa nje, si ya kutiwa kwenye bajaji za Makorora. Na kwa kuwa ni mazito na huganda yakipoa, bomba lenyewe limewekewa mfumo wa kulipasha joto kwa umeme ili yatiririke.

Sasa niingie kwenye kiini cha barua hii.

Katika gari la petroli tunajua kukagua. Fundi anasikiliza injini, anachomoa kijiti cha oili, anatazama moshi, analala chini ya gari kutafuta kutu, na kwa nusu saa anaweza kumwambia mnunuzi ukweli mwingi. Katika gari la umeme, sehemu kubwa ya thamani imo ndani ya sanduku lililofungwa chini ya sakafu, ambalo halitoi sauti, halitoi moshi na halifunguliwi na fundi wa kawaida. Gari linaweza kuwa na rangi inayong'aa, viti safi na mwendo wa kupendeza, na betri yake ikawa imebakiwa na nusu ya uwezo. Ukilijaribu kwa kulizungusha mtaa mmoja na mwingine hutajua lolote, kwa kuwa betri iliyochoka huvuta gari kwa nguvu ileile. Kinachopungua ni umbali.

Chukueni mfano wa Leaf za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 24 (kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya umeme). Zilipokuwa mpya, kipimo rasmi cha Marekani kilizipa umbali wa takriban kilomita 117. Ikipoteza theluthi moja ya uwezo wake, inabakiwa na kilomita 78, na hizo ni za mwendo wa utulivu. Kutoka hapa hadi Segera ni zaidi ya kilomita 70. Gari la namna hiyo litafika Segera taabani, na halitarudi bila kuchajiwa kwa saa nyingi. Ninamfahamu mwalimu mmoja aliyenunua gari la umeme kwa muuzaji wa mbali aliyemhakikishia kwamba litamfikisha Korogwe na chaji itabaki. Siku ya kwanza tu likamzimikia Muheza, naye akalirudisha nyumbani juu ya gari la kubebea magari. Muuzaji hakudanganya kuhusu mwaka wala kuhusu kilomita zilizotembewa. Hakuulizwa kuhusu betri, na hakuna karatasi yoyote kati ya zile zilizoambatana na gari iliyomlazimu kusema.

Joto linaongeza uzito wa suala hili. Betri za lithiamu huzeeka haraka zaidi zikikaa kwenye joto, na betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji kama magari mengi yaliyofuata. Inategemea hewa inayopita tu. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, lenye joto la jangwani, walilalamika hadharani kwamba betri zao zilikuwa zinapoteza uwezo mapema, na baadaye kampuni ikaboresha kemia ya betri ili istahimili joto. Sisi hatuna joto la Arizona, lakini hatuna majira ya baridi ya Japani pia, na gari lililozeeka taratibu kule litazeeka haraka zaidi likiegeshwa juani hapa mwezi wa pili. Betri iliyofika kwetu ikiwa imechoka nusu haina mapumziko mbele yake.

Naye mnunuzi hawezi kutegemea dashibodi. Leaf ina michirizi 12 midogo inayoonyesha uwezo wa betri. Mmoja wa kwanza huondoka betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15. Wauzaji wengi hutangaza gari kwa michirizi hiyo, lakini michirizi inaweza kurejeshwa kwa kuifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, na gari likaonyesha 12 kwa muda kabla ukweli haujajitokeza tena. Watanzania tunaufahamu mchezo wa kurudisha mita ya kilomita nyuma. Huu ni ndugu yake, na ni mbaya zaidi, kwa kuwa injini iliyotembea kilomita nyingi hutengenezeka kwa fundi wa Mabawa, ilhali betri iliyochoka inadai fedha za kununulia gari jingine. Mwaka 2024 wastani wa bei ya jumla ya betri mpya za lithiamu duniani, za magari na za matumizi mengine, ulikuwa dola 115 kwa kila kilowati-saa. Betri ya kilowati-saa 40 kwa bei hiyo ya jumla ni dola 4,600, zaidi ya shilingi milioni 10, kabla ya usafiri, kodi na ufundi. Na mnunuzi mmojammoja hauziwi kwa bei ya kiwandani.

Ombi langu kwa TBS, wakishirikiana na TPA na TRA hapa Tanga, ni hili. Gari lililotumika tayari linapitia ukaguzi wa breki, taa, tairi, usukani na mengineyo ya usalama. Ukaguzi huo uongezewe kipengele cha betri kwa kila gari la umeme, na cheti kitaje kwa asilimia uwezo uliobaki, aina ya betri na umbali unaokadiriwa, kwa Kiswahili kinachosomeka. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari huchomekwa chini ya usukani na kutoa taarifa kwa dakika chache, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ushuru wa gari moja tu. Pale ambapo taarifa inatia shaka, kwa mfano gari la miaka kumi linaloonyesha betri kamili, lipo jaribio la pili lisilohitaji utaalamu mkubwa: betri iendeshwe hadi karibu kuisha, kisha ichajiwe hadi ijae kupitia mita, na uniti zilizoingia zihesabiwe, ukitoa sehemu inayopotea katika kuchaji. Jaribio hilo huchukua usiku mmoja. Gharama ibebwe na mwagizaji, nikiwemo mimi.

Sitaki nieleweke kwamba ninaomba magari yenye betri dhaifu yapigwe marufuku. Gari lenye uwezo wa kilomita 70 ni hasara kwa mtu wa Korogwe, lakini kwa mama anayepeleka watoto shule Chumbageni, akapita Mgandini na kurudi nyumbani, ni gari la kutosha kabisa, mradi alinunue kwa bei ya gari la kilomita 70. Hata betri isiyofaa tena kwa gari inaweza kuhifadhi umeme wa jua kwa duka au zahanati kwa miaka kadhaa. Marufuku ingewanyima watu wa kipato cha chini nafasi hiyo, na ingetufundisha sisi wafanyabiashara kutafuta njia za panya. Kinachotakiwa ni ukweli uandikwe, kisha bei itajipanga yenyewe.

Hapa ndipo TRA wanaingia, na ninaomba wasinisome kama mtu anayetafuta msamaha wa kodi. Ushuru wa bidhaa kwa magari madogo umepangwa kwa ukubwa wa injini, unaopimwa kwa sisi (cc): chini ya sisi 1,000, kati ya 1,000 na 2,000, na zaidi ya hapo. Gari la umeme halina sisi hata moja. Juu yake kuna tozo ya uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi kumi, ambayo nia yake ni njema: kuzuia nchi isiwe jalala la injini chakavu zinazotoa moshi. Kwa gari la umeme, umri peke yake hauelezi uchakavu. Lipo gari la miaka tisa lenye betri iliyobadilishwa mwaka jana, na lipo la miaka minne lililochajiwa kwa chaja ya haraka kila siku na sasa limechoka. Tukishakuwa na cheti cha betri, tozo ya uchakavu ya magari haya inaweza kufungamanishwa na asilimia iliyomo kwenye cheti badala ya mwaka wa kuundwa. Najua kubadili sheria ya fedha ni kazi ya Bunge, si ya ofisi ya mkoa. Lakini mapendekezo yanaweza kuanzia mkoani, na kwa sasa jambo dogo linaweza kufanyika bila sheria mpya: jedwali moja la wazi linaloonyesha kodi zote za gari la umeme, ili mteja ajue jumla kabla ya kutuma fedha Japani, wala si baada ya meli kufunga gatini.

Kwa TANESCO na EWURA nina jambo moja linalowahusu zaidi madereva wa bajaji kuliko wenye magari. Bajaji ya umeme, kwa maoni yangu, ndiyo itakayotangulia mjini hapa, kwa kuwa dereva wake anaona akiba kila jioni anapopeleka hesabu kwa tajiri. Sasa, kaya nyingi za Msambweni na Duga zimo katika kundi la matumizi madogo, ambalo hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi zisizidi uniti 75 kwa mwezi. Bajaji inayochaji uniti nane kila usiku itamaliza kiwango hicho ndani ya siku kumi. Kaya nzima itahamishiwa bei ya juu, taa na redio na friji ya mama muuza barafu zikiwemo, kwa sababu ya chombo kimoja cha biashara. Na katika nyumba za Ngamiani ambamo wapangaji watano wanachangia mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, sihitaji kueleza ugomvi utakaozuka. Dawa yake ni mita ya pili ya kuchajia, inayotolewa kwa gharama nafuu na utaratibu mfupi, yenye bei ya usiku iliyo chini kuliko ya jioni. Mahitaji ya umeme hupanda watu wanaporudi nyumbani kupika na kuwasha taa, kisha hushuka usiku wa manane; bei iwasukume wenye vyombo kuchaji saa hizo, na mitambo ile ile itauza umeme zaidi bila kuzidiwa. Wakati wa kutoa mita hizo, mafundi wa TANESCO watazame pia nyaya za ndani. Nyumba nyingi za mji wa zamani zilifungwa nyaya kwa ajili ya balbu na pasi, na kuvuta kilowati tatu kwa saa kumi mfululizo kwenye soketi iliyolegea ni kualika moto.

Vituo vya kuchajia vya umma si lazima vijengwe na serikali. Jiji litoe maeneo, Kange kwenye stendi na karibu na viwanja vya Tangamano yakiwa ya kwanza, na kibali kipatikane dirisha moja. Serikali isimamie aina ya plagi, jambo linaloonekana dogo na ambalo limezisumbua nchi tajiri. Magari ya Japani huchaji haraka kwa plagi ya CHAdeMO, ya China yana ya kwao iitwayo GB/T, na ya Ulaya hutumia CCS2. Kituo kitakachofungwa plagi moja tu kitawaacha wengine wakitazama. Kwa kuwa Tanga tutapokea zaidi ya Japani na China, kituo chochote chenye kibali kiwe na hizo mbili kwa uchache, mpaka nchi itakapochagua mwelekeo mmoja. Kituo kimoja cha kuchaji haraka Segera, penye njia panda ya Dar es Salaam na Moshi, kingebadilisha gari la mjini kuwa gari la safari. Mji wa waja leo waondoka leo usiwalaze wageni wake kwa kukosa soketi.

Mafundi na zimamoto nitawataja kwa ufupi, ingawa si kwa sababu ni jambo dogo. Betri ya gari la umeme kwa kawaida hubeba volti 350 hadi 400, na nyaya za rangi ya chungwa zinazoonekana chini ya boneti zinaua. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Tanga kianzishe kozi fupi kwa mafundi walioko gereji sasa hivi, bila kusubiri wanafunzi wa mwaka ujao. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipewe mafunzo ya moto wa betri, ambao huhitaji maji mengi na unaweza kuwaka tena baada ya kuonekana umezimika. Sisi wa pwani tuna tahadhari ya ziada: baada ya kimbunga Ian kule Florida mwaka 2022, magari kadhaa ya umeme yaliyofunikwa na maji ya chumvi yaliwaka moto siku kadhaa baadaye. Gari lililozama kwenye maji ya bahari, popote duniani, lisipokelewe bandarini petu, na hilo nalo liandikwe kwenye masharti ya ukaguzi. Hapo tu ndipo ninapounga mkono marufuku.

Jambo la mwisho ni lile ambalo mfanyabiashara mwenzangu angependa ninyamaze. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, na Mfuko wa Barabara nao unategemea tozo ya kila lita. Maana yake ni kwamba mwenye gari la umeme hachangii barabara kwa njia hizo, ingawa gari lake, kwa sababu ya betri, mara nyingi ni zito kuliko lenzake la petroli. Kwa sasa magari hayo ni machache na pengo halionekani. Yakiongezeka, litaonekana, na serikali ikistuka ghafla itaweka tozo kubwa kwa mkupuo na kuwaangusha walioamini hesabu tunazowapigia leo. Ni heri itangazwe mapema kwamba, baada ya miaka kadhaa, magari ya umeme yatalipa ada ya mwaka kulingana na uzito, na kiwango chake kijulikane tangu sasa. Mteja anayejua gharama ya mwaka wa sita ananunua kwa moyo mkunjufu kuliko yule anayeahidiwa bure ya milele.

Waheshimiwa, katika yote haya ninaomba lianze lile la cheti cha betri, kwa kuwa halihitaji bajeti kubwa, halihitaji kiwanja wala nguzo, na linaweza kufanyiwa majaribio hapa Tanga peke yake, ambako idadi ya magari bado ni ndogo na makosa ya mwanzo yatakuwa rahisi kusahihishwa kabla ya kupelekwa Dar es Salaam. Iwapo ofisi ya TBS itahitaji gari la kujifunzia kipimo hicho, ninalo moja yadini, la umeme, la mwaka 2016, ambalo sitaliuza mpaka lipimwe. Nipo tayari kulikabidhi kwa muda wowote utakaohitajika, pamoja na kifaa ninachotumia kulisoma, bila malipo, na matokeo yabandikwe getini bandarini hata kama yatanishushia bei.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa magari yaliyotumika,
Chumbageni, Tanga.